Pongezi kwa Wanaopunguza Mwendo

Nahodha husifiwa kwa dhoruba alizozishinda. Mimi nawasifu watu wa hesabu, wale wanaokaa na ramani za upepo na bei za mafuta wakiamua meli iende taratibu kiasi gani na ijaze tangi wapi.

Nguvu inayotakiwa kusukuma meli hupanda takriban kwa kipeo cha tatu cha mwendo wake. Punguza mwendo kwa asilimia 20, injini itahitaji karibu nusu tu ya nguvu. Safari hurefuka, ni kweli, lakini mafuta ya njia nzima hupungua kwa zaidi ya theluthi moja. Baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008, kampuni za makontena, Maersk ikiwa mstari wa mbele, zilishusha mwendo wa meli zilizozoea maili 24 za baharini kwa saa hadi 20 na chini yake. Wapo waliohofia masizi kuganda kwenye injini. Zikarekebishwa, kazi ikaendelea.

Kujaza nako kuna akili yake. Singapore na Rotterdam mara nyingi huuza mafuta kwa bei nafuu kuliko bandari ndogo, lakini anayejaza pomoni hubeba uzito ambao nao unakula mafuta, na huenda akaacha shehena gatini.

Kinachonikera ni mikataba inayomlazimu nahodha akimbie, kisha atie nanga nje ya bandari siku kadhaa akingoja nafasi. Mpangaji mahiri huomba ruhusa ya kuchelewa kwa makusudi, na akikubaliwa, mwenye meli na aliyeikodi hugawana kilichookolewa.