"Kucheza Jukumu": Kosa la Sarufi au la Uhakiki?

Mwalimu mwenzangu, kama ulisahihisha majibu ya Fasihi katika miaka ambayo tamthilia ya Kigogo yake Pauline Kea ilitahiniwa, bila shaka ulikutana na sentensi kama hii: "Tunu amecheza jukumu kubwa katika ukombozi wa Wanasagamoyo." Kigogo imeipisha Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, lakini sentensi imebaki, jina la mhusika tu ndilo limebadilika. Aghalabu tunaipigia mstari mwekundu, tunaandika "sarufi" pembeni na kuendelea. Makala haya yanadai kwamba kosa hilo ni la uhakiki.

Asili yake ni Kiingereza: "play a role". Neno la mwisho lilitoka Kifaransa, nalo lilihusu karatasi iliyoviringwa ambayo mwigizaji aliandikiwa maneno yake. Kwa hivyo jukwaa limo ndani ya maneno hayo, hata msemaji akiwa amelisahau.

Katika Kiswahili mambo ni tofauti. Mzazi anayemwambia mwanawe asicheze na masomo anamkanya asifanye mzaha. Anayechezea kazi huipoteza. Hivyo basi, msomaji makini akiambiwa kwamba Tunu amecheza jukumu lake, ana haki ya kuelewa kuwa amelifanyia mzaha. Mtahiniwa alikusudia sifa, akaandika lawama.

Huenda ukauliza: je, hatusemi mwanasoka anacheza nafasi ya kiungo? Twasema, na ni sahihi, maadamu hapo pana mchezo hasa. Mwigizaji naye huigiza nafasi ya Majoka jukwaani. Lakini Majoka mwenyewe, ndani ya tamthilia, haigizi, anatawala. Mwanafunzi asiyetofautisha mwigizaji na mhusika bado hajaingia katika tamthilia.

Isitoshe, wanafunzi wetu wa Kayole hawana upungufu wa maneno yaandamanayo. Nje ya darasa wanapiga stori, wanapiga picha na wanasikia njaa, wala hawatafsiri chochote. Kiingereza huingia wanaposhika kalamu, kwa kuwa wanadhani uhakiki una lugha yake, iliyo mbali na ya nyumbani.

Kigogo yenyewe inawakanusha. Soko linalofungwa na Majoka linaitwa Chapakazi. Mtoto ambaye mamake huamka alfajiri kwenda kuuza mboga hahitaji kamusi ili ajue kuchapa kazi ni nini. Mwulize: mtawala anayefunga soko lenye jina hilo amefunga nini? Akikujibu kwamba amefunga riziki ya wanaojitahidi, amehakiki jina, kinaya na dhamira kwa pamoja, tena kwa maneno aliyokuja nayo kutoka kwao.

Napendekeza basi tusiishie kwenye mstari mwekundu. Mwulize mwanafunzi: Tunu alifanya nini? Atasema alipinga kufungwa kwa soko, alikataa kunyamazishwa. Kitenzi halisi kikipatikana, "kucheza jukumu" hakutakuwa na kazi. Na pale anapohitaji kauli ya jumla, "ametekeleza wajibu" na "ana mchango" zipo. Alama moja ya lugha itaokolewa, lakini kubwa zaidi ni kwamba atakuwa amelazimika kurudi kitabuni kutazama mhusika ametenda nini.