Tupa Huja Mwisho

Bunduki ya mitutu miwili ni kama bunduki mbili zinazotumia kitako kimoja. Katika nyingi za zamani, mtutu wa kulia umeachwa wazi kwa ajili ya kwale anayeruka kutoka miguuni mwa mwindaji, na wa kushoto umebanwa mdomoni kwa ajili ya kanga aliyekwisha kufika mbali. Mbano huo ni mdogo mno kwa jicho. Mtutu wa namba 12 una kipenyo cha takriban milimita 18.5, na mbano kamili huupunguza kwa milimita 1 hivi; nusu mbano, kwa nusu milimita. William Pape, fundi wa Newcastle, aliuwekea hataza mwaka 1866, na W. W. Greener wa Birmingham akauenezea sifa katika miaka ya 1870. Sifa ya fundi wa bunduki hizi, basi, imo katika subira ya kupima kitu kisichoonekana kabla ya kukigusa.

Kipimo chenyewe ni karatasi. Bunduki hupigwa yadi 40, yaani mita 36.6, kwenye karatasi pana yenye alama katikati. Baada ya mlio, duara la sentimita 76 huchorwa mahali marisau yalipokusanyika zaidi, hata kama ni kando ya alama, kisha matundu yaliyomo huhesabiwa. Risasi moja ya aina ileile hukatwa na marisau yake kuhesabiwa pia, ili kupata sehemu kwa mia. Mbano kamili huingiza kama asilimia 70 ndani ya duara, nusu mbano 60, na mtutu ulionyooka bila mbano 40. Karatasi moja haitoshi, kwa kuwa hakuna milio miwili inayofanana. Tano kwa kila mtutu ndizo zinazoanza kusema kweli.

Karatasi hizo hujibu maswali mawili ambayo mwenye pupa huyachanganya: marisau yametawanyika vipi, na yamekwenda wapi. Mitutu yote miwili ikipiga upande mmoja, kosa mara nyingi liko kwenye kitako kisicholingana na bega au shavu la mpigaji. Mmoja ukienda kulia na mwingine kushoto, mashaka huhamia kwenye maungano ya mitutu yenyewe. Hapo fundi huitoa mitutu kwenye kitako, akaitundika kwa uzi na kuigonga kidogo. Lehemu ikiwa nzima, chuma hulia kama kengele. Ikiwa imeachia, sauti huwa butu kama ya chungu chenye ufa.

Mtawanyiko ukiwa ndio mbaya, cha kwanza kushukiwa ni risasi. Pwani ya Mkinga, mkoani Tanga, Tanzania, inalijua somo hilo tangu zamani. Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya Kronborg ya Denmark, ilikimbilia Ghuba ya Manza, kusini mwa Moa, na kupigwa mizinga na manowari ya Kiingereza Hyacinth. Shehena yake ya silaha iliopolewa majini, na risasi zilizolowa zikafunguliwa moja moja, zikasafishwa na kukaushwa ili zitumike vitani. Hata bila kuzama, risasi iliyowekwa miaka mingi penye hewa ya chumvi hupoteza nguvu, na baruti iliyopoa haisukumi marisau sawasawa. Kizibo kinachotenga baruti na marisau nacho kina neno lake: kile cha plastiki chenye kikombe hukusanya marisau kuliko kile cha manyoya yaliyoshindiliwa. Kubadili risasi pekee kunaweza kuifanya bunduki ileile ionekane nyingine.

Risasi ikishaondolewa lawama, mtutu husafishwa hadi chuma kitupu. Madini laini ya risasi huacha utando wa kijivu pale mbano unapoanza, na utando huo huvuruga njia ya marisau. Kisha mtutu huelekezwa kwenye mwanga wa dirisha na kuzungushwa polepole. Kivuli kilichonyooka kikivunjika na kufanya pete, pana uvimbe, alama ya mlio uliokuta kizuizi njiani. Vidoa vyeusi ni vidonda vya kutu. Huko Moa, penye bahari na mikoko, kutu ndiyo jirani wa kila siku, na kitambaa chenye mafuta kila baada ya matumizi huokoa mitutu mingi kuliko fundi yeyote. Vidonda vikiwa virefu au ukuta wa mtutu ukiwa mwembamba, kazi huishia hapo, na bunduki haipigwi tena.

Bunduki kongwe ina mipaka yake pia. Nyingi zilitobolewa kwa ganda la risasi lenye urefu wa milimita 65. Ganda la 70 likifyatuka humo hukosa nafasi ya kufunguka, nalo huzidisha shinikizo. Marisau ya chuma hayabonyei kama ya risasi laini, hivyo yanaweza kuuharibu mdomo uliobanwa.

Baada ya hayo yote ndipo kipimo cha ndani huingizwa, na ikibidi, tupa au jiwe la kusugua. Mbano uliozidi unaweza kupunguzwa, kidogo kidogo, kwa karatasi mpya kila hatua. Mbano uliopungua, au uliokatwa na mtu aliyetaka mtutu mfupi, haurudi, maana wote hukaa katika sentimita chache za mwisho. Maji yakimwagika hayazoleki. Mtutu wa namna hiyo huachiwa kazi ya karibu, ukatafutiwa risasi inayoufaa.

Kazi hii yote hufanywa na fundi aliyeruhusiwa, juu ya silaha yenye leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Inapokwisha, karatasi bora ya kila mtutu huandikwa tarehe, aina ya risasi na hesabu ya matundu, ikakunjwa na kuhifadhiwa pamoja na bunduki. Fundi atakayeipokea miaka ishirini baadaye ataanzia hapo.