Somo au Mtaa? Uhakiki wa Dai Kuhusu Elimu ya Kiislamu, Ustawi wa Kiroho na Uvumilivu: Mifano ya Gitega na Muyinga, Burundi

Utangulizi

Katika mijadala ya elimu na amani katika ukanda wa Maziwa Makuu, limezoeleka dai kwamba madrasa humtuliza mwanafunzi nafsi yake, na kwamba nafsi iliyotulia humvumilia jirani. Makala haya yanalihakiki dai hilo kwa kurejelea Burundi, hususan Gitega na Muyinga. Hoja inayotetewa ni kwamba dai lina ukweli ndani yake, ila limeegemezwa kwenye mfano mmoja usiotosha na kwenye neno lisilobeba maana inayokusudiwa.

Mfano na mipaka yake

Mfano unaotajwa zaidi ni Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini Bujumbura, ambao katika vita vilivyoanza mwaka 1993 ulibaki na wakazi Wahutu na Watutsi huku mitaa mingine ikigawanyika kikabila. Watetezi wa dai huhitimisha kwamba mafundisho ya dini ndiyo yaliyozuia mgawanyiko. Hitimisho hilo linaruka hatua. Buyenzi ina mambo mengine: ukaaji mchanganyiko wa tangu ukoloni, ndoa, biashara, wakazi wenye asili ya Kongo na Tanganyika, na utambulisho wa Uswahili uliotangulizwa mbele ya kabila. Asiyeyatenganisha hayo hawezi kusema ni kipi kilichofanya kazi, somo au mtaa. Mshauri wa sera anayeamini ni somo atapendekeza vitabu na mitaala; anayeamini ni mtaa atapendekeza kulindwa kwa makazi yasiyobagua. Akikosea sababu, atakuwa ametumia fedha na kuuacha mtaa bila ulinzi.

Hapo ndipo Gitega na Muyinga zinapokuwa na thamani ya kiutafiti. Gitega, makao ya utawala wa Wajerumani tangu 1912 na mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, ni pia makao ya jimbo kuu la Kanisa Katoliki. Muyinga iko kaskazini-mashariki, katika njia ya biashara iendayo mpaka wa Kobero na Tanzania. Katika nchi ambayo sensa ya 2008 iliwahesabu Waislamu kuwa chini ya asilimia 3, mwanafunzi wa madrasa katika miji hii huishi katikati ya majirani wasio wa dini yake. Kama somo lina nguvu ya peke yake, hapa ndipo pa kulipima.

Utulivu wa nani?

Chini ya Wabelgiji, shule zilikuwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa misheni. Mzazi Mwislamu aliyehofia mtoto wake asije akabatizwa alimbakiza chuoni. Chuo kilimpa mtoto huyo herufi, adabu, heshima na jamaa wa kumtegemea, lakini hakikumpa cheti cha kuingilia ofisini. Kwa hiyo, kuusifu ustawi wa kiroho wa jamii hii bila kutaja gharama hiyo ni kuugeuza unyonge kuwa fadhila.

Neno "uvumilivu"

Kuvumilia ni kustahimili kitu kizito: maumivu, njaa, dhuluma. Kirundi nacho kina "kwihangana", chenye maana iyo hiyo ya kujikaza. Jirani anayevumiliwa bado ni mzigo. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 13, inataja lengo jingine la watu kuumbwa mataifa na makabila, nalo ni kujuana. Aidha, wanazuoni hutofautisha taalimu, yaani kupewa maarifa, na tarbiya, yaani kulelewa. Kuhifadhi juzuu Amma ni taalimu. Kumjua jirani kunahitaji tarbiya, tena kwa lugha ya jirani huyo. Mtoto wa Gitega au Muyinga huishi katika Kirundi, husoma Kurani kwa Kiarabu, na kwa desturi hufafanuliwa dini kwa Kiswahili. Kiswahili humuunganisha na umma mpana wa Afrika Mashariki, lakini katika Burundi neno "Umuswahili" limewahi kubeba pia dhana ya mtu mjanja asiyeaminika. Uvumilivu wa Mwislamu hauwezi kupimwa bila kupima namna naye anavyotajwa.

Hitimisho

Madrasa haipaswi kudaiwa amani peke yake, wala kunyimwa sifa yake. Watafiti wapime mambo yanayoonekana: nani huhudhuria maziko ya nani, watoto wa nani hucheza pamoja, walimu hufafanua dini kwa lugha gani. Washauri wa sera, kwa kuwa Kiswahili sasa ni somo katika shule za Burundi, wahakikishe kinafundishwa kama mali ya Warundi wote. Mtoto wa Kikatoliki anayejifunza Kiswahili bila dharau, na mtoto wa madrasa anayefafanuliwa dini yake kwa Kirundi, watakuwa wameanza kujuana. Na anayejulikana hahitaji kuvumiliwa.