Udongo wa Ukuta

Mara ya tatu kuitazama filamu ya Munyurangabo nilikuwa Biryogo, hapa Kigali, sebuleni kwa mama mwenye nyumba wangu, kompyuta tumeiweka juu ya kiti. Tukafika pale Sangwa, kijana aliyerudi kwao baada ya miaka mitatu, anapoukandika udongo ukuta wa nyumba ya wazazi wake uliobomoka. Mama akasogea mbele. “Huo udongo una maji mengi,” akasema, “hautashika.” Hapo nikajua ameshaingia ndani ya nyumba ile, na lolote litakalowapata watu wake litampata na yeye.

Filamu hiyo ilipigwa mwaka 2006 kwa siku 11 tu. Mwongozaji wake, Lee Isaac Chung, ni Mmarekani mwenye asili ya Korea aliyekuja Kigali kufundisha utengenezaji wa filamu, na wanafunzi wake ndio waliofanya naye kazi. Wahusika wakuu, Jeff Rutagengwa na Eric Ndorunkundiye, hawakuwa waigizaji wa kazi. Mwaka uliofuata ikaonyeshwa Cannes, ikiwa filamu ndefu ya kwanza ya hadithi kwa Kinyarwanda.

Kisa ni kifupi. Vijana wawili wanaondoka Kigali na panga ndani ya begi. Ngabo anakwenda kumlipiza kisasi mtu aliyemuua baba yake wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Sangwa anamsindikiza, ila anaomba wapite kwanza kwao. Wakishafika, safari inalala. Mwongozaji mwenye pupa angetukimbiza hadi kwenye panga. Huyu anatupeleka shambani. Tunamwona baba akimfundisha mwanawe kulima, kamera imetulia, kazi inaachwa ichukue muda wake. Ndani ya muda huo tunaanza kuwapenda, na tukishawapenda, lile panga linazidi kuwa zito bila mtu kuligusa.

Hapa Kigali hakuna anayedhani kwamba filamu ya huzuni hupimwa kwa wingi wa maiti. Kila mwaka, Kwibuka, kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, inapoanza tarehe 7 Aprili, wapo wanaozidiwa na kihoro wakaanguka au kupiga kelele, hali inayoitwa ihahamuka. Yatosha sauti moja kuwarudisha mwaka ule. Anayewatengenezea filamu watu kama hawa hana haja ya kuwaletea huzuni; wamekuja nayo. Kazi yake ni kuitafutia mahali pa kukaa. Akiwamwagia damu tu, atawaumiza na kuwaacha palepale alipowakuta. Filamu ya namna hiyo inavunja moyo. Inayogusa moyo humwachia mtazamaji nafasi ya kuingia na chake.

Wanyarwanda husema machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Chung aliusikia usemi huo au hakuusikia, filamu yake inautii. Chuki ya zamani inapoingia katika nyumba ileile iliyokandikwa, na baba akamgeukia mgeni wa mwanawe, hakuna maombolezo marefu. Tunaonyeshwa nyuso, kisha njia.

Ngabo anabaki peke yake. Njiani anakutana na mshairi Edouard Uwayo, anayejiigiza mwenyewe. Uwayo anaitazama kamera usoni na kughani shairi lake kuhusu nchi yake, mwanzo hadi mwisho, bila picha kukatwa. Kumwacha mtu aseme dakika zote hizo ni ujasiri, na pia ni heshima: kijana anayekwenda kuua anapewa kwanza maneno ya kubeba, na sisi tunayabeba pamoja naye.

Mwishoni anamkuta aliyemtafuta. Mtu yule amelala, mgonjwa, hana nguvu, na anachoomba ni maji. Panga lipo. Dumu la maji nalo lipo. Siku zote zile za ukuta na jembe zilikuwa zikitutayarisha kwa ajili ya dumu hili, kwa maana tumeshaona mikono ya Ngabo inaweza kufanya nini kingine. Bila udongo ule, maji haya yangekuwa mahubiri.

Mama hakusema kitu. Alifuta macho kwa upindo wa kitenge, kisha akaniomba nirudishe nyuma kidogo, pale penye ukuta.