Kulifua Koti la Manyoya, na Siku Tatu za Kulikausha

Mwishoni mwa Februari, masika yalipokuwa hayajaingia na wageni wapandao Kilimanjaro wakianza kupungua, shemeji yangu, ambaye kazi yake ni kuwaongoza hadi kilele cha Uhuru chenye kimo cha mita 5,895, aliniletea nyumbani Moshi koti lake la manyoya, akanieleza kwa masikitiko kwamba usiku wa kupanda kileleni halimpi tena joto, na kwamba mwaka uliopita alimpa mtu alifue, naye akalifua kwa sabuni ya unga, akalikamua, akalianika kambani kama shuka. Nililipapasa, nikayakuta manyoya yamejikusanya katika pembe za kila kifuko, magumu kama pamba ya godoro kuukuu, ilhali sehemu iliyosalia ni vitambaa viwili vitupu vilivyogusana.

Ili kosa lile lifahamike, yafaa kwanza ijulikane koti hilo hufanyaje kazi. Kilichojazwa humo aghalabu si manyoya marefu yenye uti, bali ni yale laini yaotayo kifuani mwa bata bukini chini ya manyoya ya juu, ambayo nitayaita malaika, kama tuitavyo nywele nyororo za mkononi mwa mtoto. Kila moja hutawanya nyuzi zake pande zote na kuifunga hewa katikati yake, na ni hewa hiyo iliyotulia, wala si malaika yenyewe, izuiayo joto la mwili lisitoroke. Mkemia George Finch aliyajua hayo alipokwenda Everest mwaka 1922 na koti la kitambaa cha baluni lililojazwa malaika ya bata wa baharini. Basi sabuni kali huyavua malaika mafuta yake ya asili. Vimeng'enya vitiwavyo katika sabuni nyingi za unga ili viyale madoa ya damu na maziwa huyadhuru, kwa kuwa nayo ni protini. Na dawa ya kulainishia nguo huyagandamanisha. Hata hivyo siafikiani kabisa na wasemao kwamba koti la namna hii lisiguswe na maji, kwani jasho na mafuta ya ngozi huyalaza malaika vilevile, ijapokuwa polepole.

Baada ya kusoma kipande cha kitambaa kilichoshonwa ndani na kuhakikisha kwamba ni malaika kweli wala si poliesta, nilifunga zipu zote, nikasugua ukosi na ncha za mikono kwa sponji, kisha nikalitia katika beseni kubwa la maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya maji iliyotengenezwa mahususi kwa manyoya, kiasi kidogo tu. Koti lilielea, likakataa kuzama. Nikalibonyeza taratibu kwa viganja, kifuko kimoja baada ya kingine, mpaka mapovu ya hewa yakakoma kutoka na maji yakageuka rangi ya chai. Nililisuza kwa maji manne, maana sabuni ibakiayo ndani hufanya madonge kama uchafu wenyewe. Kulitoa ndipo penye hatari: likiinuliwa kwa mabega, uzito wa maji waweza kuzipasua kuta nyembamba zitenganishazo vifuko, kwa hiyo nililibeba kwa mikono miwili kutoka chini, kama abebwavyo mtoto aliyelala, nikalikunja ndani ya taulo na kulikandamiza bila kulisokota.

Lakini kufua ni kazi ya saa moja, na kukausha ndiyo kazi hasa. Penye mashine ya kukaushia, moto hafifu na mipira miwili au mitatu safi ya tenisi huyapiga malaika yakaachana. Mimi sina mashine, nina vidole. Nililitandaza juu ya chaga kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali hudhoofisha nailoni, na kila saa nililigeuza, nikaliinua kuelekea mwangaza ili nione madonge meusi ndani ya vifuko, nikayachambua moja moja juu ya kitambaa kama mtu achambuaye mchele. Usiku nililiingiza ndani. Siku ya pili kitambaa kilikuwa kikavu kabisa, na mtu mwingine angalilivaa. Lakini kabla ya kulifua nilikuwa nimelipima kwa mizani ya jikoni, likawa gramu 610, na jioni ile lilikuwa gramu 655, yaani unyevu ungalimo moyoni mwa malaika, mahali ambapo harufu ya uvundo huanzia. Alasiri ya siku ya tatu mizani ilionyesha 605, na vifuko vyote vilikuwa vimefura.

Mafuta yaliyovuliwa na ile sabuni ya kwanza hayatarudi, na kwa sababu hiyo koti litashika unyevu upesi kuliko zamani. Ila shemeji amelivaa tena, akaridhika nalo, naye sasa hulitundika pasipo kulishindilia katika mfuko. Nawe msomaji, ikiwa huna siku tatu za ukavu na upepo mbele yako, liache koti na uchafu wake hadi utakapozipata.