Mtambo Mdogo wa Homa Bay

Anayetaka kutangaza kwa mawimbi ya kati sharti asimike mnara. Wimbi la kilohezi 1000 lina urefu wa mita 300, na mlingoti wa kulirusha vizuri hufikia robo yake: mita 75 za chuma, na chini yake nyaya za shaba zimetandazwa ardhini kila upande kama mizizi. Kwa minara ya namna hiyo Sauti ya Kenya, redio ya taifa, iliwafikia wanakijiji wengi, nami naiheshimu kazi hiyo. Lakini inayonivutia zaidi ni ya Homa Bay.

Mei 1982, kando ya Ziwa Victoria, UNESCO na serikali ya Kenya zilifungua hapo kituo cha FM chenye nguvu ndogo. Homa Bay ilikuwa makao makuu ya wilaya ya South Nyanza, na Migori ilikuwa ndani ya wilaya hiyohiyo. Wengi hukihesabu kituo kile kuwa redio ya kwanza ya jamii barani Afrika. Nia ilikuwa kuonyesha kwamba redio inaweza kuundwa kwa vifaa vya bei nafuu, kisha ikatunzwa na watu wa hapohapo.

Hilo la kutunzwa na watu wa hapohapo ndilo gumu. Wimbi la FM lina urefu wa mita 3 hivi, kwa hiyo antena yake haizidi sana kimo cha mtoto wa shule, na mtu mmoja anaweza kuibeba begani. Ila wimbi hilo hunyooka, halipindi kilima. Antena ikiwa mita 30 juu ya ardhi tambarare, upeo wake ni kama kilomita 22. Upande wa ziwa njia ni nyeupe. Nchi kavu, fundi lazima avijue vilima kama anavyovijua vyumba vya nyumba yake.

Kisha kuna koili, inayouweka mtambo kwenye wimbi lake. Katika mitambo midogo ni mizunguko michache tu ya waya wa shaba. Ukiitanua kwa ncha ya kucha, stesheni inahama. Hata joto la mchana huihamisha. Ndiyo maana mafundi huitia nta, itulie. Kuunda kitu chepesi hivyo, kikakaa mahali pake asubuhi hadi jioni, kwangu huo ni ufundi mkubwa kuliko kuinua chuma.

Agosti 1 mwaka huohuo, wanajeshi wa anga walioasi waliiteka Sauti ya Kenya jijini Nairobi, wakamlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela kusoma tangazo lao. Miaka miwili baada ya uasi huo, mwaka 1984, serikali ilikifunga kituo cha Homa Bay. Inaniuma mpaka leo: kazi ya subira namna ile, na haikupewa hata miaka mitatu.

Siku hizi kisiwani Mfangano, ndani ya ziwa lilelile, kuna redio inayotangaza kwa Olusuba, lugha ambayo wasemaji wake wamekuwa wakipungua. Nikisikia habari zake huwakumbuka wale wa 1982.

Na mjini Migori nimewahi kukaa kwenye benchi la fundi wa redio akirekebisha ya mawimbi ya kati. Alitumia bisibisi ya plastiki, kwa sababu ya chuma ikikaribia tu koili huhamisha wimbi. Aligeuza robo ya mzunguko, akaondoa mkono, akasikiliza. Akageuza tena, kidogo zaidi.