Mshale Ukitulia

Kabla ya kumpima mtoto yeyote, shangazi yangu alipima maji. Alikuwa na dumu la plastiki la lita 5, lililowahi kuwa la mafuta ya kula, na chini kidogo ya shingo yake alikuwa amekwaruza mstari kwa ncha ya msumari. Likijazwa mpaka hapo, dumu pamoja na maji yake lilikuwa kilo 5 kamili. Siku ya kliniki ya kijijini, mizani ikishafungwa kwenye tawi la mparachichi nyuma ya ofisi ya kijiji, kitu cha kwanza kuning'inizwa kilikuwa dumu hilo. Mshale ukisimama kwenye 5, kazi inaanza. Ukisimama pembeni hata kwa mstari mmoja, alilishusha, akagusa skrubu ya kurekebishia, akalipandisha tena. Akina mama walikuwa wamefika tangu alfajiri, na wengine palizi ilikuwa ikiwangoja. Alirudia mpaka aridhike.

Wakati huo nilikuwa na miaka minane au tisa, na kazi yangu ilikuwa kubeba daftari. Shangazi alikuwa muuguzi mkunga, mfawidhi wa zahanati ya kijijini kwetu ng'ambo ya Ruaha Ndogo, na baadaye akawa mratibu wa huduma za mama na mtoto wilayani. Tulimzika mwezi wa saba, katika ile baridi ya Iringa ambamo watu hukaa msibani wamejifunika mablanketi na umande haukauki mpaka saa nne. Waliosimama kutoa salamu za rambirambi walitaja vyeo vyake, wakataja vyeti, wakataja miaka ya utumishi. Yote yalikuwa kweli. Lakini kila nilipomfikiria nilimwona amesimama juu ya kigoda chini ya mparachichi, shingo ameinyoosha, anangoja.

Mizani ilikuwa ile ya kuning'inia, yenye uso wa mviringo kama saa ya ukutani, inayopima mpaka kilo 25 na kuonyesha kila gramu 100. Chini yake kuna ndoano, na kwenye ndoano hutundikwa kaptula ya kitambaa kigumu yenye mikanda. Mtoto huvishwa kaptula, hutundikwa, hupiga kelele. Hapo ndipo wapimaji wengi huharibu. Mtoto akirusha miguu, mshale hucheza kutoka 6 mpaka 9, na mpimaji, kwa huruma au kwa haraka, huokota namba ya katikati. Shangazi hakuokota. Alimwambia mama asimame mbele ya mwanawe, uso kwa uso, mikono nyuma. "Usimshike, mama. Mwite tu jina." Mwenyewe alipanda kigoda, maana alikuwa mfupi, mpaka macho yake yalingane na uso wa mizani, kwa kuwa mshale ukitazamwa kwa upande hudanganya. Kisha akangoja. Mtoto anayelia lazima avute pumzi, na kati ya kilio na kilio kuna nukta ambapo mwili wote hunyamaza. Nukta hiyo ndiyo aliyokuwa akiivizia. Akaitaja namba kwa sauti, "saba na mia nne," nami nikaandika, naye akainama kuangalia kama nilichoandika ndicho alichosema. Ndipo mtoto akashushwa.

Niliwahi kumuuliza kwa nini asikadirie tu, maana foleni ilikuwa ndefu. Akanijibu kwa hesabu. Mtoto wa mwaka wa pili huongezeka kama gramu 200 kwa mwezi. Ukikosea gramu 300, mwezi wake mzima umeupoteza na ushei, na huyo anayerudi nyuma utampongeza mama yake.

Baada ya mizani ilikuja kadi. Kadi za kliniki za enzi hizo zilikuwa na kanda tatu za rangi: kijani juu, kijivu katikati, nyekundu chini. Karibu kila mtu alisoma rangi. Kijani, mama anatabasamu. Kijivu, anaangalia chini. Nyekundu, anaifunika kadi kwa khanga watu wasione. Shangazi alisoma mstari. Aliweka nukta ya leo kwa kalamu iliyochongwa vizuri, akaiunganisha na nukta ya mara iliyopita, kisha akaisogeza kadi mbali kidogo na macho, kama fundi seremala anayeangalia kama ubao umenyooka. Mtoto wa kijivu ambaye mstari wake unapanda, huyo alimsifia mama yake mbele ya wote. Mtoto wa kijani ambaye mstari umelala bapa kwa vipimo viwili, huyo alimkunjia kona ya ukurasa wa daftari. Nilidhani anakosea. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba rangi inakueleza mtoto alipo leo, na mstari unakueleza anakoelekea.

Kijiji chetu kilikuwa kimojawapo kati ya vijiji 168 vya mkoa wa Iringa, enzi ambazo mkoa ulikuwa bado na Njombe, Makete na Ludewa ndani yake, vilivyoingia katika mpango wa lishe wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF ulioanza mwaka 1983 kwa fedha za serikali ya Italia. Kila kijiji kilichagua wahudumu wake wa afya, kikawa na Siku ya Afya, na namba zilizotoka kwenye mizani zikasomwa kwenye halmashauri ya kijiji kama zinavyosomwa habari za mbolea na madarasa. Kati ya mwaka 1984 na 1988, watoto wenye uzito pungufu katika vijiji vile walishuka kutoka asilimia 55.9 hadi 38, na wale wenye utapiamlo mkali kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Mchoro wa visababishi vya utapiamlo ambao UNICEF iliutangaza duniani mwaka 1990, unaoanza kwa mtoto na kurudi nyuma mpaka kwenye chakula, maradhi, malezi na uchumi wa nchi, una mizizi yake katika kazi iliyofanyika huku kwetu. Wanafunzi wa lishe wa mabara yote husoma mchoro huo. Mimi, nikiuona, naona kwanza kigoda. Asilimia ile 1.8 ilikusanywa na watu waliosubiri mshale utulie, mtoto mmoja baada ya mwingine, na kama wangekuwa wanaokota namba hewani, hakuna ambaye angejua kama watoto wanapona au wanakufa.

Wakubwa wa mpango waliuita mwendo huo hatua tatu: kutathmini, kuchambua, kutenda. Sikuwahi kumsikia shangazi akiyatamka maneno hayo nyumbani. Niliona tu alivyofanya.

Kulikuwa na mtoto mmoja wa kiume, wa mwaka na nusu kasoro kidogo, ambaye mstari wake ulikuwa umelala tangu kiangazi. Mchana ule ule, mizani ikiwa bado imefungwa mtini, shangazi alinichukua tukaenda kwao. Tukasalimiana, kamwene, kamwene, tukakaribishwa jikoni. Hakuuliza mtoto anakula nini. Aliniambia baadaye kwamba swali hilo kila mama hulijibu kama anavyojibu mtihani. Alikaa kwenye gogo, akasifia moto, akasaidia kupukuchua mahindi, na baada ya muda mrefu akauliza, "Jana mlirudi shambani saa ngapi?" Mama akasema jua lilikuwa limeshazama. Na mtoto? Alikuwa na bibi. Bibi alikuwa na macho mabovu na aliogopa moto, kwa hiyo uji uliopikwa asubuhi ndio uliokuwepo mpaka usiku. Na ukikaa uliganda, na ulipoganda mtoto alikataa, na ili asikatae waliuzidisha maji. Tumbo la mtoto wa umri ule ni dogo. Likijaa uji wa maji limejaa, na nguvu ndani yake hakuna.

Hapo shangazi akauliza swali ambalo lilinishangaza. Alimuuliza mama kama anapika pombe. Mama akasita, maana kwa nesi hilo linaweza kuwa shtaka. Akakubali: hupika komoni ya kuuza, msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ukiisha. "Basi kimea unacho," shangazi akasema, na uso wake ukafunguka. Kikaletwa kwenye kibuyu: ulezi uliolowekwa usiku kucha, ukafunikwa kwenye gunia bichi siku mbili tatu mpaka ukachipua, ukaanikwa, ukasagwa. Akapika mwenyewe uji mzito, mzito kiasi kwamba mwiko ulisimama. Akauepua, akauacha upoe mpaka kidole kivumilie, akanyunyiza kijiko kimoja cha kimea, akakoroga. Tuliangalia sote. Kwa dakika chache hakuna kilichotokea, kisha mwiko ukaanza kuinama, uji ukalegea, ukawa wa kunywewa, bila tone la maji kuongezwa. Kile kinacholainisha nafaka kwenye pipa la pombe ndicho kilichokuwa kikiulainisha uji ule. Akaurudisha motoni uchemke tena, akamimina kwenye kikombe. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe walikuwa wameuchunguza ujuzi huo na kuupendekeza, lakini shangazi hakumtaja mtaalamu yeyote. Alimwambia mama, "Hiki ni chako. Nimekihamisha chungu tu."

Kikombe kile mtoto alikimaliza. Habari ya bibi na moto ilibaki, na kwa hiyo jioni shangazi alipita kwa mwenyekiti wa kijiji, na kesho yake jirani mwenye binti asiyekwenda shamba akakubali kumpashia mtoto uji mchana. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiiita kupima. Kwake ilikuwa haijaisha mpaka mlango wa mtu ugongwe.

Lipo jambo lililomuumiza mwishoni. Alikuwa ameshastaafu pale utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulipotoa namba: asilimia 56.9 ya watoto walio chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, mkoa wa kwanza nchini, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Iringa hii, yenye mahindi, viazi, maziwa, parachichi, na nyanya za Ilula zinazojaza malori ya Dar es Salaam. Watu wengi walikasirika, wakasema sisi Wahehe ni wafupi kwa asili. Shangazi hakukasirika. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alisema kwamba mizani yake haikuwahi kuuona urefu. Mtoto mfupi mwenye uzito wa kutosha kwa ufupi wake huonekana mzima, ananenepa mashavu, anasifiwa. Kilichopotea kimepotea kwenye mifupa na kwingineko kusikoonekana.

Akaenda zahanati, mwanamke mwenye zaidi ya miaka sabini, akaomba afundishwe ubao wa kupimia urefu. Vijana walimheshimu mno kiasi cha kuona haya kumwelekeza. Ubao unataka watu wawili: mmoja ashike kichwa kiguse mbao ya juu, macho yaangalie mbinguni, mwingine anyooshe magoti kwa upole na kusukuma kibao cha chini mpaka kwenye nyayo. Nilimkuta siku moja amepiga magoti sakafuni, kiganja chake juu ya magoti ya kitoto cha miezi tisa, anangoja miguu ilegee. Alingoja vile vile kama zamani. Alipoitaja namba, muuguzi kijana aliiandika, naye akainua shingo kuangalia kama kilichoandikwa ndicho alichosema.

Baada ya matanga tulikaa kugawana vitu vyake. Mizani haikuwemo, alikuwa ameirudisha wilayani na kusainiwa siku aliyostaafu. Kwenye stoo, nyuma ya debe la maharage, tulilikuta dumu, limegeuka rangi, mstari wa msumari bado unaonekana. Nililichukua, nikalipangusa, nikasema nitalipeleka Dar es Salaam, nikae nalo mezani.

Binamu yangu, bintiye mkubwa, ni muuguzi kwenye kituo cha afya. Wanatumia mizani ya betri sasa. Mama anapanda, wanairudisha kwenye sifuri, anakabidhiwa mtoto. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akanyoosha mkono.

"Hilo lina kazi, kaka," akasema. "Jumatatu nina kliniki."

Akalibeba mpaka bombani, akalisuuza mara tatu, akaanza kulijaza, macho kwenye mstari.